Kidhibiti-halijoto cha Jokofu katika Nyumba za Goma: Jina, Utendaji na Utunzaji

1.0 Utangulizi

Katika nchi za baridi, neno "thamostati" humkumbusha mtu kisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani, ambacho huwasha na kuzima mitambo ya kupasha nyumba joto. Goma haina haja na kisanduku hicho. Mji huu uko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na ingawa usiku wake humtafutisha mtu blanketi, nyumba hazipashwi joto kwa mitambo. Hata hivyo kifaa chenyewe kimo majumbani. Kimo ndani ya pasi ya umeme, kimo ndani ya hita ya maji, na zaidi ya yote kimo ndani ya jokofu, chombo ambacho watu wa Goma, kwa kufuata Kifaransa, hukiita frigo.

Makala haya yanahusu kidhibiti hicho cha jokofu: jina lake, namna kinavyofanya kazi, jinsi mahali penyewe panavyokiathiri, na njia za kutambua kama kweli kimeharibika. Dai letu ni kwamba kifaa hiki hulaumiwa mara nyingi kwa makosa yasiyo yake, na kwamba chanzo kimojawapo cha lawama hizo ni cha lugha. Namna tunavyokitaja hutufanya tukidhanie kuwa ni bomba la kufungulia baridi, ilhali kazi yake ni kuweka kikomo.

Suala lenyewe halihusu soda na maziwa peke yake. Katika rafu hizo hizo, karibu na jibini ya Masisi na sambaza waliobaki jana, ndimo inamowekwa chupa ya insulini ya mgonjwa wa kisukari. Insulini iliyopata joto kali huharibika taratibu. Iliyoganda huharibika mara moja, na kuyeyuka baadaye hakuirudishii nguvu. Mwenye kuzungusha kitasa cha jokofu kwa kukisia anaweza kuharibu dawa ya mwezi mzima kwa usiku mmoja, tena bila ya kujua.

2.0 Suala la jina

Neno thamostati limeundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "joto" na jingine lenye maana ya "kilichosimama". Aliyelipa umaarufu ni Mskoti Andrew Ure, ambaye mwaka 1830 alipata hataza ya kifaa kilichotumia vipande viwili vya metali tofauti vilivyounganishwa: vikipata joto, kimoja hutanuka kuliko mwenzake, na ubapa wote hupinda. Ubapa wa namna hiyo ungali ukifanya kazi hadi leo ndani ya pasi.

Kwa Kiswahili kifaa hiki huitwa kidhibiti joto. Istilahi hii imeundwa kwa utaratibu tunaoufahamu vizuri, wa kiambishi ki- na kitenzi -dhibiti, na haina kasoro ya kisarufi. Tatizo limo katika neno la pili. "Joto" katika matumizi ya kawaida hubeba dhana mbili: joto kwa maana ya uvuguvugu, kinyume cha baridi, na joto kwa maana ya kipimo kinachosomwa kwenye kipimajoto. Mtu anayeambiwa kwamba ndani ya jokofu lake mna "kidhibiti joto" ana haki ya kushangaa, kwani yeye alinunua chombo cha baridi. Neno halijoto, lililoenea katika vitabu vya sayansi vya shule, limekuja kutenganisha dhana hizo, na kwa sababu hiyo tunapendelea kusema kidhibiti-halijoto, japo ni refu. Mafundi wa Goma hawajali mjadala huu. Wao hutumia neno la Kifaransa na kazi inaendelea. Lakini fundi anajua kilichomo ndani. Mwenye nyumba hukijua kifaa kwa jina na kwa kitasa tu.

Ama kitasa chenyewe, kina namba, tuseme kutoka 0 hadi 7. Namba hizo si nyuzi za Selsiasi. Pia zinakwenda kinyume na za pasi: katika pasi, kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo joto linavyopanda, ambapo katika jokofu namba kubwa maana yake ni baridi zaidi. Kitenzi kinachotumika ni "kuongeza": ongeza baridi, punguza baridi. Hapa ndipo lugha inapotupoteza. Kuongeza ni kitenzi cha bomba na cha taa ya chemni. Ukizungusha, kinachotoka kinazidi. Jokofu la kawaida la nyumbani haliko hivyo. Mota yake ina mwendo mmoja tu: inazunguka au imesimama. Namba ya kitasa haiiambii mota iende kwa kasi gani, bali isimame wapi. Anayepanda gari la kwenda Masisi hafiki Sake mapema kuliko yule aliyepanda la kwenda Sake. Tofauti ni kwamba gari la kwanza halitasimama hapo. Vivyo hivyo, umeme unaporudi baada ya saa sita na mtu akapeleka kitasa hadi 7 ili baridi "ije haraka", maziwa yake hayatapoa upesi kuliko kama angekiacha kwenye 3. Atakachopata ni jokofu linaloendelea kufanya kazi baada ya kupita kikomo kilichotakiwa, hadi mboga za nyuma ziwe na barafu.

3.0 Mvukuto ndani ya sanduku

Tukifungua kisanduku kilicho nyuma ya kitasa, tunakuta kifaa ambacho mhunzi angekitambua. Ni mvukuto mdogo wa chuma chembamba chenye mikunjo. Umeunganishwa na mrija mwembamba sana, uliozibwa upande wa pili, na ndani yake mna kiasi kidogo cha gesi. Ncha ya mrija huo imebanwa kwenye bamba la baridi, yaani ile sehemu ya ndani ambako barafu hujitunga.

Bamba likipata joto, gesi hutanuka, mvukuto huvimba, na unasukuma viguso viwili vya umeme vikutane. Mota inaanza. Bamba likipoa, gesi hunywea, mvukuto husinyaa, viguso huachana kwa mlio mdogo unaosikika, na mota inapumzika. Kitasa tunachokizungusha kinakaza au kulegeza springi inayoshindana na mvukuto. Kati ya kuwaka na kuzima pameachwa nafasi ya makusudi, kwani mota inayowaka na kuzima kila dakika haidumu.

Jambo moja la usalama lisisahauliwe. Viguso hivi hukata waya unaokwenda kwenye mota peke yake. Jokofu lililowekwa kwenye 0 bado lina umeme ndani yake, na ushahidi ni taa inayowaka mlango ukifunguliwa. Kwa hiyo anayetaka kuligusa kwa matengenezo, hata kwa kufuta tu waya za nyuma, achomoe plagi.

4.0 Athari ya mwinuko

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo maelezo ya matumizi yanayokuja na jokofu huligusia kwa nadra, nalo lina uzito mkubwa kwa mji kama Goma. Tumesema kwamba mvukuto unashindana na springi. Kwa hakika unashindana na kitu kingine pia: hewa ya nje. Hewa inayotuzunguka ina kani yake, nayo hubana mvukuto kutoka pande zote na kuisaidia springi kuusinyaza.

Pwani, kama Mombasa au Dar es Salaam, kani hiyo ni hektopaskali 1,013 hivi. Goma, kwa sababu ya mwinuko wake, ni kama 850, yaani pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita. Mama wa nyumbani wa Goma anaishi na upungufu huo kila siku jikoni, kwani maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharagwe yanakawia kuiva. Katika jokofu athari yake ni hii: hewa inayobana mvukuto ni hafifu, kwa hiyo mvukuto unabaki umevimba kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Ili usinyae vya kutosha kuachanisha viguso, gesi iliyomo lazima ipoe zaidi. Matokeo yake ni kwamba namba ile ile inatoa baridi kali zaidi Goma kuliko pwani, kwa nyuzi chache, na mota hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Nyuzi chache si kitu kwa bia. Kwa insulini, ambayo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ndizo zinazotenganisha dawa nzuri na dawa iliyoganda.

Baadhi ya vidhibiti vina skrubu ndogo iliyowekwa mahususi kwa kurekebisha tofauti ya mwinuko, na fundi mwenye ujuzi huweza kuigusa. Asiye fundi asijaribu, kwani pembeni yake huwa na skrubu nyingine ambazo zikishazungushwa hazirudi kirahisi mahali pake. Njia ya nyumbani ni kuanza na namba ndogo kuliko ile inayopendekezwa katika kijitabu, kisha kupima.

Majokofu mapya yenye kidhibiti cha kielektroniki hayana mvukuto. Yanatumia kijenzi ambacho ukinzani wake kwa umeme hubadilika kadiri halijoto inavyobadilika, na kijenzi hicho hakijui kama kiko Goma au Mombasa. Faida hiyo ina gharama yake: ubao wa elektroniki unaweza kuuawa na mrusho mmoja wa umeme. Kwa mji ambao umeme wake huja na kuondoka, sisi tungali tunaukubali mvukuto, ambao hurekebishika kwa bisibisi.

5.0 Kupima kabla ya kulaumu

Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha. Kitumbukizwe ndani ya bilauri ya maji, bilauri iwekwe rafu ya katikati, na isomwe asubuhi. Kipimo cha hewa hakitufai hapa, maana hewa hubadilika mlango unapofunguliwa, ambapo maji hutunza wastani wa usiku mzima. Ikiwa kipimo ni kati ya nyuzi 3 na 5, kidhibiti ni kizima, haidhuru namba iliyoandikwa kwenye kitasa ni ngapi. Ikiwa sivyo, kitasa kisogezwe nusu ya namba, kisha ingojewe siku nzima kabla ya kusogeza tena. Wengi hushindwa hapo: husogeza asubuhi, husogeza adhuhuri, na jioni hawajui tena walikoanzia.

Yapo malalamiko ambayo kidhibiti huhusishwa nayo bure. La kwanza ni la jokofu lisilozima. Kabla ya kuita fundi, kitasa kipelekwe kwenye 0. Mota ikisimama, viguso vinaachana sawasawa na tatizo liko kwingine. Huenda mpira wa mlango umelegea: kipande cha karatasi kikifungiwa mlangoni na kuchomoka bila ya kuvutwa kwa nguvu, hewa ya jikoni inaingia usiku kucha. Huenda waya nyeusi za nyuma, zinazotoa joto nje, zimefunikwa na vumbi. Vumbi la Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano na kukanyaga mawe hayo kila siku, ni jeusi na jepesi, na likichanganyika na moshi wa makala ya kupikia hunata. Brashi laini kila baada ya miezi miwili mitatu inatosha. Huenda pia barafu imekuwa nene kiasi cha kulifunika bamba kama blanketi. Iyeyushwe kwa kuzima jokofu, wala isibanduliwe kwa kisu, kwani kisu kikitoboa bamba hakuna kidhibiti kitakachosaidia. Mota isiposimama hata kwenye 0, basi viguso vimegandana, na hapo kidhibiti kinastahili lawama.

La pili ni la jokofu linalonguruma kwa sekunde chache, likatoa mlio, likanyamaza, na baada ya dakika kadhaa likarudia. Watu husema kidhibiti "kinakatakata". Karibu kila mara si kidhibiti. Ni kinga ya mota inayoikata isiungue, kwa kuwa umeme ni hafifu mno kuizungusha. Jokofu lililotengenezwa kwa volti 220 likipewa 170 hunguruma tu bila ya kuanza. Dawa yake ni kupima volti na, inapowezekana, kununua kisawazisha volti. Kubadilisha kidhibiti kwa ugonjwa huu ni kumbadilishia mtu miwani kwa sababu anaumwa jino.

La tatu ni la jokofu lililo kimya kabisa ingawa taa yake ya ndani inawaka. Hapa kidhibiti kinaweza kweli kuwa kimekufa, kwa sababu mrija ukipasuka gesi hutoka, mvukuto husinyaa moja kwa moja, na viguso havikutani tena. Fundi huthibitisha kwa kuchomoa plagi, kutoa nyaya mbili za kidhibiti na kupima kwa mita kama njia iko wazi au imefungwa kitasa kikiwa kwenye namba kubwa. Kidhibiti kilichopoteza gesi hakijazwi upya, hubadilishwa. Fundi anapofunga kipya, ncha ya mrija lazima ibanwe mahali pale pale ilipokuwa. Mrija uliolegea na kuning'inia hewani husoma halijoto ya hewa badala ya bamba, na jokofu litagandisha kila kitu hata likiwa na kidhibiti kipya kabisa.

6.0 Umeme unapoondoka na unaporudi

Kwa miaka mingi umeme wa Goma ulitegemea mto Ruzizi upande wa Bukavu, ambako kituo cha kwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili kikaanza mwaka 1989. Mwaka 2015 kilizinduliwa kituo cha Matebe huko Rutshuru, chini ya mradi wa Hifadhi ya Virunga, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini humo. Vyanzo vikaongezeka, lakini nyaya zinabaki nyaya. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipouingia mji, umeme na maji vilikatika. Siku hizo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari hadharani kuhusu maabara ya INRB mjini Goma, ambamo huhifadhiwa sampuli za vimelea hatari, virusi vya Ebola vikiwamo.

Jokofu la nyumbani lililofungwa vizuri hutunza ubaridi wake kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa, kama siku mbili. Tofauti hiyo inaonyesha la kufanya: chupa za maji zilizogandishwa wakati umeme upo ni akiba ya baridi, kwa kuwa gramu moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto la kutosha kupasha gramu hiyo hiyo ya maji kwa nyuzi 80. Kila nafasi tupu ya friza ijazwe chupa hizo.

Umeme unapokatika, plagi ichomolewe. Kidhibiti cha mvukuto hakina saa wala kumbukumbu. Jokofu likizidi kupata joto viguso vyake hukutana, na umeme unaporudi mota huamrishwa kuanza papo hapo, pengine katika ile dakika ya mwanzo ambapo volti hupanda na kushuka. Tena kama umeme ulipotea kwa muda mfupi tu, gesi ya kupozea ndani ya mabomba bado ina kani kubwa upande mmoja, na mota huanza kwa taabu au isianze kabisa. Dakika 5 za kungoja baada ya umeme kutulia zinaondoa hatari zote mbili.

7.0 Insulini ndani ya jokofu la Goma

Rafu iliyo salama ni ya katikati, mbele, au ya mlangoni. Kamwe si nyuma, ambako chupa hugusana na bamba, wala si karibu na friza. Chupa iwekwe ndani ya kopo pamoja na kipimajoto chake. Kama asubuhi moja kipimajoto kinaonyesha chini ya 0, au chupa ina chembe za barafu, dawa hiyo isitumike hata ikionekana safi baada ya kuyeyuka.

Umeme ukikosekana kwa siku nyingi, mgonjwa asifadhaike. Chupa inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa wiki nne hivi mahali pasipo joto kali, na hewa ya Goma, ambayo mchana ni nadra kupita nyuzi 28, inaruhusu jambo hilo kuliko hewa ya pwani. Uchunguzi uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, na kuchapishwa mwaka 2021, ulizingatia halijoto ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, inayopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika hali hiyo kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Mtungi wa udongo uliotiwa maji, ukiwekwa kivulini penye upepo, huteremsha halijoto kwa nyuzi kadhaa tena. Dawa ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na kutumbukizwa humo. Na umeme ukirudi, chupa ambazo hazijafunguliwa zirejeshwe katika jokofu baada ya bilauri ya maji kusoma nyuzi 5, kitasa kikiwa kwenye namba ile ile ya siku zote.